Masundosundo ya sehemu za siri: Tiba zilizopo na jinsi ya kuzichagua

Masundosundo ya sehemu za siri ni miongoni mwa maradhi ya zinaa yanayoonekana kwa macho, na bado ni miongoni mwa yale yanayofichwa zaidi. Jijini Kampala si jambo geni kwa mgonjwa kuanza safari ya matibabu kwa kununua dawa kimyakimya, kujaribu mitishamba aliyoelekezwa na jirani, au kunyamaza tu akitumaini kwamba vinyama vitaanguka vyenyewe. Anapofika mbele ya daktari, mara nyingi vinyama vimekwisha ongezeka, na ngozi imekwisha chomwa na dawa isiyoifaa.

Lakini ugonjwa huu una tiba zaidi ya moja. Nyingine mgonjwa huzitumia mwenyewe nyumbani, nyingine hufanywa kliniki kwa dakika chache. Hakuna hata moja inayomfaa kila mtu, na hakuna inayoweza kuahidi kwamba vinyama havitarudi. Ndiyo sababu inafaa kuelewa kila tiba inafanya nini, nani anaruhusiwa kuitumia na nani hapaswi kuigusa.

Ni ugonjwa gani huu?

Masundosundo, ambayo kwa Kiganda huitwa ensundo na ambayo baadhi ya wazungumzaji wa Kiswahili huyaita chunjua, ni vinyama vidogo vinavyoota kwenye uume, korodani, mashavu ya uke, ndani ya uke, kwenye mlango wa kizazi, au kuzunguka njia ya haja kubwa. Huweza kuwa kimoja au vingi, vilivyo bapa au vilivyochomoza, na vikishikamana huonekana kama ua la koliflawa. Kwa kawaida haviumi, ingawa huweza kuwasha, kutoa unyevu au kuvuja damu vinapokwaruzwa.

Chanzo chake ni virusi vya papiloma vya binadamu, vinavyojulikana kwa kifupi HPV. Aina zaidi ya 200 za virusi hivi zimetambuliwa, na takriban 40 kati yake huambukiza sehemu za siri. Aina mbili, namba 6 na 11, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 90 ya masundosundo. Aina nyingine mbili, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mwanasayansi Mjerumani Harald zur Hausen, aliyethibitisha uhusiano wa virusi hivi na saratani hiyo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2008.

Tofauti hiyo ya aina ni muhimu kwa mgonjwa. Mtu aliyeota masundosundo hana saratani, na kwa kawaida vinyama hivyo havigeuki kuwa saratani. Hata hivyo mtu mmoja anaweza kuambukizwa aina zaidi ya moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mwanamke mwenye masundosundo anapaswa kufuata ratiba ya kawaida ya uchunguzi wa mlango wa kizazi kama wanawake wengine.

Si kila kinyama ni sundosundo

Kabla ya tiba yoyote, kazi ya kwanza ya mhudumu wa afya ni kuhakikisha kwamba anachokiona ni masundosundo kweli. Kaswende, inayojulikana kwa Kiganda kama kabotongo, inapofikia hatua ya pili huweza kuotesha vinyama bapa vyenye unyevu vinavyofanana sana na masundosundo. Tiba yake ni tofauti kabisa: ni sindano ya penisilini. Mtu anayepaka dawa ya masundosundo juu ya kaswende huacha ugonjwa hatari uendelee mwilini. Ndiyo maana kipimo cha damu cha kaswende, pamoja na kile cha VVU, huenda sambamba na uchunguzi wa masundosundo.

Ugonjwa wa mpox, ambao mlipuko wake ulitangazwa Uganda mwaka 2024, nao huweza kuanza kwa vipele kwenye sehemu za siri. Vipele hivyo aghalabu huuma, hujaa maji au usaha, na huandamana na homa au kuvimba kwa tezi. Kwa upande mwingine, wanaume wengi wana vijipele vidogo vilivyojipanga kuzunguka kichwa cha uume, ambavyo ni sehemu ya maumbile na havihitaji dawa yoyote.

Kinyama ambacho ni cheusi, kigumu, chenye kidonda, kinachovuja damu chenyewe, au kisichosikia dawa, hukatwa kipande na kupelekwa maabara ili kuondoa shaka ya saratani.

Tiba anazotumia mgonjwa nyumbani

Kundi la kwanza la tiba ni dawa za kupaka ambazo mgonjwa huelekezwa na mhudumu kisha akazitumia mwenyewe. Sharti lake ni kwamba mgonjwa aweze kuviona vinyama na kuvifikia, na awe tayari kufuata ratiba kwa wiki kadhaa.

Podofilotoksini ya asilimia 0.5, iwe ya maji au jeli, huua seli za kinyama. Hupakwa mara mbili kwa siku kwa siku 3 mfululizo, kisha mgonjwa hupumzika siku 4. Mzunguko huo huweza kurudiwa hadi mara nne. Muwasho na maumivu kiasi ni jambo la kawaida. Dawa hii haipakwi kwenye eneo kubwa kwa mara moja wala ndani ya uke.

Imikwimodi ya asilimia 5 hufanya kazi kwa njia nyingine. Yenyewe haichomi kinyama, bali huamsha kinga ya mwili ili ivishambulie virusi mahali vilipo. Hupakwa usiku wakati wa kulala, mara tatu kwa wiki, na kuoshwa kwa sabuni na maji baada ya saa 6 hadi 10. Matibabu huweza kuendelea hadi wiki 16. Ngozi kuwa nyekundu na kuwasha huonyesha kwamba kinga ya mwili imeamka, ila ikichubuka sana mgonjwa husimamisha dawa na kurudi kwa mhudumu. Krimu hii huweza kudhoofisha mpira wa kondomu, kwa hiyo haifai kukutana kimwili ikiwa bado ipo kwenye ngozi.

Ipo pia marhamu inayotengenezwa kutokana na majani ya chai ya kijani, ambayo hupakwa mara tatu kwa siku. Haipendekezwi kwa wanaoishi na VVU kwa kuwa usalama wake kwao haujathibitishwa.

Tiba zinazofanywa na mtaalamu

Kundi la pili ni tiba zinazofanyika kliniki. Faida yake ni kwamba mgonjwa habebi mzigo wa kukumbuka ratiba, na vinyama vilivyo mahali pagumu kuonekana huweza kufikiwa.

Kugandisha kwa baridi kali hufanywa kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo joto lake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Kinyama hugandishwa kwa sekunde chache, kisha hufa na kuanguka siku zinazofuata. Huuma kiasi na huweza kuacha lengelenge. Hurudiwa kila baada ya wiki moja au mbili. Tiba hii huhitaji gesi na vifaa ambavyo si kila kituo kinaweza kuwa navyo.

Asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 80 hadi 90 hupakwa na mhudumu kwa kijiti, tone kwa tone, juu ya kinyama peke yake. Kinyama hugeuka cheupe kama kilichopakwa barafu. Ngozi inayozunguka hulindwa kwa mafuta ya mgando, na asidi ikizidi huondolewa kwa sabuni au magadi ya kupikia. Hurudiwa kila wiki. Kwa kuwa ni maji mepesi yanayosambaa haraka na kuunguza, haipaswi kamwe kutumiwa nyumbani.

Podofilini, utomvu wa mmea ambao ndani yake ndimo ilimo podofilotoksini, ni dawa ya zamani. Nguvu yake hubadilika kutoka chupa moja hadi nyingine, na ikipakwa kwa wingi huweza kuingia kwenye damu na kudhuru neva na viungo vingine. Inapotumika, hupakwa na mhudumu kwenye eneo dogo na kuoshwa baada ya saa chache kama atakavyoelekeza.

Upasuaji mdogo ni njia nyingine. Kinyama hukatwa kwa mkasi au wembe wa hospitali, huchomwa kwa umeme, au huondolewa kwa mwanga wa leza baada ya mgonjwa kupigwa ganzi. Ndiyo njia inayoweza kumaliza vinyama vyote kwa siku moja, na hufaa zaidi vinapokuwa vikubwa au vingi. Huhitaji mtaalamu mwenye ujuzi, na kidonda chake huhitaji muda wa kupona.

Ipi ni bora?

Hakuna tiba moja iliyothibitika kuzishinda nyingine zote kwa kila mgonjwa. Mhudumu na mgonjwa huchagua kwa kuangalia idadi ya vinyama, ukubwa wake, mahali vilipo, gharama, umbali wa kituo na hali ya mwili. Mtu mwenye vinyama vichache vinavyoonekana huweza kuanza na krimu nyumbani. Asiyeweza kuviona, au ambaye kazi yake haimruhusu kufuata ratiba ya usiku, huenda akanufaika zaidi na tiba ya kliniki.

Kutofanya lolote kwa muda nako ni chaguo halali. Kwa baadhi ya watu kinga ya mwili huvimaliza vinyama bila dawa ndani ya mwaka mmoja. Wengine hubaki navyo vilevile, na wengine huongezeka. Tofauti kati ya kusubiri kwa ushauri wa daktari na kusubiri kwa sababu ya aibu ni kwamba yule wa kwanza amekwisha pimwa na anajua anachokisubiri.

Wengi wanaotibiwa huona mabadiliko ndani ya miezi 3. Ikiwa dozi imekamilika na hakuna nafuu ya maana, hubadilishiwa tiba.

Antibayotiki haziponyi masundosundo, kwa sababu hizo ni dawa za bakteria na huu ni ugonjwa wa virusi. Dawa za chunjua za mikononi na miguuni hazifai kwa ngozi laini ya sehemu za siri. Asidi ya betri, dawa ya kufulia nguo na wembe wa nyumbani huacha majeraha, makovu na mlango wa maambukizi mengine. Kunyoa eneo lenye vinyama pia huweza kuvisambaza.

Mama mjamzito

Ujauzito huweza kuvifanya vinyama vikue haraka na kuvuja damu kwa urahisi. Wakati huo huo, ndio wakati ambao dawa nyingi haziruhusiwi. Podofilini, podofilotoksini na marhamu ya chai ya kijani hazitumiki kwa mjamzito, na imikwimodi nayo huepukwa. Zinazobaki ni kugandisha, asidi ya trikloroasetiki na upasuaji mdogo, chini ya mtaalamu. Mara nyingi vinyama hupungua vyenyewe baada ya kujifungua.

Masundosundo peke yake si sababu ya kujifungua kwa upasuaji. Upasuaji hufikiriwa pale tu vinyama vinapoziba njia ya mtoto au vinapoweza kusababisha damu nyingi kutoka. Ni mara chache sana virusi humfikia mtoto na kuota kooni mwake, na haijathibitika kwamba upasuaji huzuia hilo.

Wanaoishi na VVU

Watu zaidi ya milioni moja wanaishi na VVU nchini Uganda, kwa hiyo suala hili linawagusa wengi. Kinga ya mwili ikishuka, masundosundo huwa mengi zaidi, makubwa zaidi, hayasikii dawa haraka na hurudi mara kwa mara. Tiba zinazotumika kwa wengine hutumika kwao pia, isipokuwa marhamu ya chai ya kijani, lakini huenda zikahitajika kwa muda mrefu zaidi. Kumeza dawa za kufubaza VVU bila kukatiza ni sehemu ya tiba ya masundosundo yenyewe.

Kwa wanawake wanaoishi na VVU, Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa kipimo cha HPV kuanzia umri wa miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Kwa wanawake wengine, uchunguzi huanza miaka 30.

Kwa nini hurudi?

Tiba zote huondoa kinyama kinachoonekana. Hakuna inayofuta virusi vilivyobaki ndani ya ngozi inayoonekana kuwa nzima. Ndiyo maana vinyama hurudi kwa wagonjwa wengi, hasa katika miezi 3 ya kwanza baada ya kutibiwa. Kurudi huko hakumaanishi kwamba daktari alikosea wala kwamba mgonjwa ameambukizwa upya. Hutibiwa tena, kwa njia ileile au nyingine. Kadiri muda unavyopita, kinga ya watu wengi huvidhibiti virusi: takriban maambukizi 9 kati ya 10 ya HPV hayaonekani tena kwenye vipimo ndani ya miaka 2.

Nani alimwambukiza nani?

Swali hili limevunja ndoa nyingi, na kwa masundosundo mara nyingi halina jibu. Vinyama huweza kujitokeza wiki kadhaa, miezi, au hata miaka baada ya maambukizi, na mtu anaweza kuwa na virusi bila kuota kinyama hata kimoja. Hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha virusi viliingia lini au vilitoka kwa nani. Kuota kwa kinyama leo si ushahidi wa uzinzi wa jana.

Vivyo hivyo, masundosundo yanayozunguka njia ya haja kubwa huweza kuota kwa mtu ambaye hajawahi kukutana kimwili kwa njia hiyo, kwa kuwa virusi husafiri kwenye ngozi iliyo jirani. Kazi ya mhudumu wa afya ni kutibu, na mgonjwa hapaswi kuacha kutafuta tiba kwa kuogopa kuhukumiwa.

Mwenzi wa mgonjwa hahitaji kipimo cha HPV kwa sababu ya masundosundo, ila inafaa achunguzwe kama ana vinyama na apimwe maradhi mengine ya zinaa. Wataalamu hushauri kuacha kukutana kimwili mpaka vinyama viishe.

Masundosundo yakionekana kwa mtoto, huweza kuwa yalitokana na kuzaliwa au mguso usio wa kingono, lakini pia huweza kuwa dalili ya unyanyasaji. Mtoto huyo apelekwe kwa daktari bila kuchelewa. Simu ya bure ya kuwasaidia watoto Uganda ni namba 116.

Wapi pa kuanzia Kampala

Mahali pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu. Miongoni mwa vituo vya Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA) ni Kisenyi, Kawaala, Kiswa, Kitebi, Kisugu na Komamboga. Kinachohitaji mtaalamu hupewa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Taifa ya Rufaa ya Mulago, ambako pia ipo kliniki ya maradhi ya zinaa, au Kawempe kwa matatizo ya wanawake na wajawazito.

Ada za matibabu katika vituo vya umma ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa katika sehemu za kulipia za hospitali. Dawa ikikosekana kituoni, mgonjwa huandikiwa akanunue kwingine. Hapo ni vyema aende famasi yenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Dawa, si kwa mchuuzi asiyejulikana.

Wakimbizi, wakiwemo wengi wanaotoka Kongo na wanaozungumza Kiswahili, wana haki ya kuhudumiwa katika vituo vya umma sawa na raia. Kikwazo chao aghalabu ni lugha. Mgonjwa asiyejua Kiganda wala Kiingereza anaweza kuomba mhudumu anayezungumza Kiswahili, au kwenda na mtu mzima anayemwamini. Haifai mtoto afanywe mkalimani wa mzazi wake katika jambo kama hili: mzazi atanyamaza yale ambayo daktari alihitaji kuyasikia.

Kinga

Kondomu hupunguza hatari, ingawa haiondoi yote, kwa kuwa virusi hupita kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki. Tohara nayo husaidia kwa kiasi. Katika utafiti uliofanyika Rakai, kusini mwa Uganda, na kuchapishwa mwaka 2009, asilimia 18 ya wanaume waliotahiriwa walikutwa na aina za HPV zinazohusishwa na saratani baada ya miaka 2, ikilinganishwa na takriban asilimia 28 ya wale ambao walikuwa hawajatahiriwa. Utafiti huo ulihusu aina za hatari za saratani, na haukuwa kipimo cha masundosundo yenyewe.

Kinga yenye nguvu zaidi ni chanjo. Baada ya majaribio yaliyoanza mwaka 2008 katika wilaya zikiwemo Ibanda na Nakasongola, Uganda ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwezi Novemba 2015 kwa wasichana wa miaka 10, bila malipo. Chanjo iliyochaguliwa ililinda dhidi ya aina 4: 16 na 18 za saratani, pamoja na 6 na 11 za masundosundo. Kwa hiyo msichana aliyechanjwa dhidi ya saratani amekingwa pia na ugonjwa huu.

Australia, iliyoanza kuchanja mwaka 2007, imeonyesha matokeo yake. Miongoni mwa wanawake wa chini ya miaka 21 waliofika kliniki za maradhi ya zinaa, waliokutwa na masundosundo walishuka kutoka asilimia 11.5 mwaka 2007 hadi chini ya asilimia 1 mwaka 2011. Hata wavulana wa rika hilo, ambao wakati huo walikuwa hawajaingizwa kwenye mpango, walinufaika kwa kuwa virusi vilipungua katika jamii.

Chanjo haitibu vinyama vilivyokwisha ota. Hukinga kabla ya maambukizi, na ndiyo sababu hutolewa utotoni. Kwa Uganda, ambako saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake zaidi ya 4,000 kila mwaka kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020, mzazi anayeruhusu binti yake achanjwe humwondolea hatari mbili kwa mpigo.

Kwa mtu mzima ambaye tayari ameota vinyama, hatua ya kwanza ni fupi: achunguzwe, apimwe kaswende na VVU, kisha achague tiba pamoja na mhudumu. Kadiri vinyama vinavyokuwa vichache na vidogo siku ya kwanza ya matibabu, ndivyo kazi ya kuviondoa inavyokuwa nyepesi.